Rangi Inayoelea: Kutia Nakshi Kitambaa kwa Maji ya Mwani

Watu wakiviona vitambaa vyangu huniuliza rangi nimeipata wapi. Rangi ni akriliki ya kawaida. Cha kuulizia ni maji, kwa sababu nakshi hii huchorwa juu ya maji mazito, kisha kitambaa hulazwa juu yake kikaichukua yote kwa mara moja. Waturuki wameikuza kwenye karatasi kwa karne nyingi kwa jina la ebru, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Mimi nimetoka kwenye batiki, na kilichonivuta ni kwamba hakuna nakshi inayojirudia.

Kinachoyapa maji uzito ni karajinani, ambayo hutoka kwenye mwani. Unga wake huuzwa, lakini mwani unaolimwa huku kwetu Unguja, Paje na Jambiani, husafirishwa nje kwa ajili ya kitu hicho hicho, basi nikaanza na mwani wenyewe. Nauloweka usiku kucha nikibadilisha maji mpaka chumvi na mchanga viishe. Halafu nauchemsha kwa moto mdogo, kama gramu 25 za mwani mkavu kwa lita moja, na kuuchuja ungali moto. Natumia mwani wa aina ya spinosum kwa kuwa ute wake ni laini. Ute wa aina nyingine, kotoni, huganda ukawa mgumu na kukatika. Ute ukipoa naupunguza kwa maji hadi uwe kama uji wa mgonjwa, nauacha mpaka kesho yake mapovu yaishe.

Maji ya kupunguzia yawe ya mvua. Katika majaribio yangu yote, hili ndilo lililoleta tofauti kubwa zaidi. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yamejaa chokaa, na chokaa huugandisha ute wa spinosum. Ute ukiganda, tone la rangi hugoma kutanuka na kingo zake huchanika. Kwa maji ya mvua, tone lile lile hufunguka likawa duara safi.

Kitambaa kiwe bafta au hariri. Kifue kwanza kwa maji moto na sabuni, wanga wa kiwandani utoke, kisha kiloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita. Kianike, kikikauka kipige pasi. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi kwenye uzi. Bila hiyo nakshi yote huondoka na maji ya kusuuzia. Kitumie siku zile zile, maana shabu ikikaa hula uzi.

Rangi naizimua iwe nyepesi kama maziwa, natia nyongo ya ng'ombe kidogo ili itanuke. Kwanza napitisha ukanda wa gazeti juu ya maji kuondoa utando. Tone la bluu linatua, linatanuka. Jeupe linatua katikati yake na kuisukuma bluu ikawa pete. Kila tone jipya huibana pete ile, na kadiri inavyokonda ndivyo bluu inavyokolea. Hapo napitisha kijiti, au chanuo nililolitengeneza kwa kupigilia misumari midogo kwenye ubao, taratibu sana. Mkono ukienda mbio unaburura maji na mistari inavurugika.

Kulaza kitambaa ni kazi ya watu wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili. Katikati kuguse maji kwanza, kisha pande zishuke, hewa isibaki chini, kwani kila povu huacha doa jeupe. Kinyanyue, kisuuze bila kukisugua, kianike kivulini. Mimi hukiacha wiki nzima ndipo nikapiga pasi upande wa nyuma, na sabuni baadaye.

Hariri hushika hata mstari mwembamba kama unywele. Bafta huupanua kidogo. Kwa mtandio nachagua hariri, kwa mito ya sebuleni bafta inatosha kabisa. Ute uliobaki hukaa siku mbili tatu penye ubaridi. Ukianza kunuka na kuwa majimaji, umwage, pika mwingine.