Dondoo muhimu: Kuandaa jino kabla ya kulijaza

Kijazio cha resini hushika kulingana na jinsi uso wa jino ulivyoandaliwa. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kuwa asidi ya fosforiki huifanya akriliki ing'ang'anie enameli. Siku hizi hutumika jeli yenye asidi ya asilimia 35 hadi 37. Juu ya enameli huachwa sekunde 15 hadi 30, kisha huoshwa kwa maji na kukaushwa. Enameli iliyokolea asidi hupoteza mng'ao na kuwa nyeupe kama chaki. Isipokuwa hivyo, kazi irudiwe.

Dentini ndiyo yenye usumbufu. Sekunde 15 zinaitosha, tena isikaushwe mno: nyuzi zake za kolajeni zikikauka hulala, gundi hukosa pa kupenya, na mgonjwa huanza kulalamika kila anywapo maji baridi. Ibaki na unyevu wa kumeremeta, bila maji kutuama.

Mate yakigusa uso ulioandaliwa, kupangusa kwa pamba hakutoshi. Uoshwe na kutiwa asidi upya. Mpira wa kutenga jino huepusha kero hiyo, ingawa wengi huuruka kwa haraka zao. Dawa ya muda yenye yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, huzuia resini isigande sawasawa, hivyo mabaki yake yaondolewe yote.

Taji linalogundishwa juu ya jino nalo huandaliwa. La zirkonia, tofauti na la kauri zenye kioo, haliliki kwa asidi: hupulizwa chembe za alumina, kisha hupakwa kiunganishi chake maalumu.