Mkazo wa Kazi katika Kampuni Changa

Dumila, katika Wilaya ya Kilosa, imo kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na hapo huchepuka barabara ya kwenda Kilosa mjini. Katika njiapanda kama hiyo, vijana wachache wenye simu, mizani na gari la kukodi waweza kuanzisha kampuni ya kununua mazao.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kampuni ya watu sita inayonunua nyanya. Nyanya huoza upesi, kwa hiyo kazi haina budi kufanywa kwa haraka. Mkurugenzi husema kwamba wote ni jamaa moja. Lakini huwapigia wafanyakazi simu usiku wa manane, hawalipi saa za ziada, na mwenye kuuliza huambiwa kuwa haipendi kampuni. Mpimaji ameona kuwa matenga yakijazwa lumbesa, nyanya za chini hupondeka. Alisema mara moja, akakaripiwa, sasa hunyamaza. Je, kinachowadhuru wafanyakazi hao ni wingi wa kazi peke yake?

Vipimo viwili

Mwaka 1979 Robert Karasek alichapisha uchunguzi wa takwimu za wafanyakazi wa Sweden na Marekani. Alitenganisha vipimo viwili: uzito wa madai ya kazi, na uwezo wa mfanyakazi kuamua namna ya kuifanya. Dalili za mkazo, kama uchovu na huzuni, zilizidi pale madai makubwa yalipokutana na uwezo mdogo wa kuamua. Madai makubwa yakiambatana na uwezo mkubwa, kazi huchosha, lakini pia hufunza.

Basi haraka ya nyanya ni tabia ya zao, wala si kosa la mtu. Kosa ni kumnyima mpimaji neno.

Yatokeayo mwilini

Mtu akitishwa, ubongo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari huongezeka katika damu. Hali hiyo humfaa anayemkimbia nyoka. Ikirudiwa kila siku bila mapumziko, huharibu usingizi na kuudhuru moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma, kukilinganishwa na saa 35 hadi 40, huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi.

Sheria na kinywa

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliutumia kuwapinga mameneja wao. Leo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 45 kwa juma Tanzania Bara. Saa za ziada huhitaji makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Uchanga wa kampuni hauondoi wajibu huo.

Hata hivyo, kuhesabu saa hakutoshi kumfungua mpimaji kinywa. Kikao kifupi cha jioni, ambamo hasara hutajwa bila karipio, chaweza kuokoa nyanya na afya kwa pamoja.

Zoezi

1. Taja madai ya kazi yanayotokana na zao, na yale yanayotokana na mkurugenzi.
2. Eleza kwa nini mpimaji aliyenyamaza huitia kampuni hasara.
3. Mfanyakazi akifanya kazi saa 9 kwa siku kwa siku 6, amezidisha saa ngapi juu ya ukomo wa juma?