Mkato mmoja: pendekezo kuhusu tapuli za Python

Wengi wetu tunaoandika memwari juu ya msamiati tunahesabu maneno kwa programu ndogo za Python. Tuseme unataka kuliacha neno «kwamba» nje ya hesabu. Unaandika:

if neno in ("kwamba"): continue

Programu inafanya kazi bila kulalamika, ila «kwa» na «wa» nayo yametoweka katika jedwali lako.

Ulidhani umeandika tapuli, yaani mfululizo wa vitu usiobadilika. Lakini katika Python kinachounda tapuli ni mkato, si mabano. ("kwamba",) ni tapuli yenye neno moja. Lakini ("kwamba") ni neno lenyewe, na «kwa» imo kweli ndani ya herufi zake. Ukiwa na maneno mawili mkato upo tayari, hivyo kosa hujificha mpaka siku orodha inapobaki na neno moja.

Mwanaisimu ataiita hali hii homonimia. Mabano yaleyale hupanga hesabu, kama (2 + 3) * 4, na huzunguka tapuli. Kiswahili nacho kina mambo hayo: «nyumba» ni moja au nyingi, na upatanisho ndio unaoamua, nyumba yangu au nyumba zangu. Hapa Lubumbashi, ambako upatanisho huo mara nyingi umelegea, watu husema «manyumba». Walimu wetu huliita kosa. Mimi naliona ni ukarabati. Wasemaji walikosa alama, wakaiongeza.

Python haina upatanisho wa kuiokoa, basi nayo iongezewe alama. Napendekeza tapuli iandikwe (| "kwamba" |), na ile isiyo na kitu (| |). Leo muundo huu ni kosa la sarufi katika Python, kwa hiyo hakuna programu ya zamani ambayo ingebadilika maana. Wala si mgeni kabisa: OCaml hufunga safu zake kwa [| |]. Kutumia jina tuple hakusaidii, kwa kuwa tuple("kwamba") hulikata neno kuwa herufi sita.

Linabaki jambo gumu. Tapuli zisizo na mabano, kama a, b = b, a, ni nzuri mno kuondolewa. Lakini idadi = 500, yenye mkato uliosahaulika mwishoni hugeuka tapuli kimyakimya. Ningeacha ya kwanza, na ya pili itolewe onyo. Wenye programu za zamani watasumbuliwa na maonyo hayo, nakubali.

Kwa sasa tumia orodha: ["kwamba"] haihitaji mkato. Na kama jedwali la memwari yako linaonyesha «kwa» mara sifuri, rudi kwenye sharti hilo kabla ya kueleza matokeo.