Mji Wetu wa Malaba: Historia na Utawala Wake

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii ilinipata barabara mwaka jana. Niliposikia kuna basari nilipeleka fomu yangu mbio katika afisi moja, kumbe siyo! Nilipoelekezwa kwingine, siku ya mwisho ilikuwa imepita. Mama akauza mbuzi ili nirudi shule. Tangu siku hiyo niliapa nitaujua utawala wa mji wetu.

Mji wa Malaba umepewa jina la mto. Ng'ambo ya mto ni Uganda, wilaya ya Tororo, anakoishi nyanya yangu. Zamani pande zote mbili zilikuwa Uganda, maana Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamishia himaya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ni Kenya. Mpaka ukaja kufuata mito: Sio, Malaba na Lwakhakha, hadi Mlima Elgon. Hivyo Iteso wakagawanywa, na Wasamia vilevile. Nyanya husema, "Mjukuu wangu, sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndio ulituvuka."

Upande wetu ukawa chini ya wilaya ya North Kavirondo, Mkoa wa Nyanza. Waingereza walitawala kupitia kwa Nabongo Mumia wa Wanga, waliyemfanya chifu mkuu mwaka wa 1909. Baadaye reli ikapita hapa, ikafika Kampala mwaka wa 1931. Kuanzia miaka ya 1960, vijana wa baiskeli huko Busia waliwabeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka wakiita "boda, boda!" Ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, jamani!

Mwaka wa 1963 tuliingia Mkoa wa Magharibi, wilaya ya Busia. Katika miaka ya 1990 Teso ikapewa wilaya yake. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya miji yakavunjwa. Kaunti ya Busia ina maeneo bunge saba: Teso Kaskazini (ndiko kwetu Malaba), Teso Kusini, Nambale, Matayos, Butula (waliko wenzetu wa Bumala), Funyula na Budalangi.

Sasa shika hili vizuri. Serikali ni mbili. Ya kaunti ina gavana na wawakilishi wa wadi, nayo hushughulikia soko, zahanati na shule za chekechea. Ya kitaifa ina kamishna wa kaunti, machifu na manaibu wao, na ndiyo inayosimamia usalama, mpaka na shule za sekondari kama yetu. Basari nazo ni mbili: ya kaunti hupitia wadi, na ya hazina ya eneo bunge hupitia afisi ya eneo bunge. Mimi nilizichanganya!

Mwaka huu nilipeleka kila fomu mahali pake, mapema. Mbuzi aliyebaki yuko salama zizini.

Maswali
1. Eleza kilichotokea tarehe 1 Aprili 1902.
2. Taja mito mitatu ya mpaka wetu.
3. Je, wewe unaijua wadi yako? Kama huijui, uliza leo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu