Maji ya chokaa yanachafua tangi langu

*Nina tangi la maji chumvi la lita 200 lenye matumbawe magumu. Alkali ilishuka kutoka dKH 8 hadi 6.5 ndani ya wiki moja. Sasa kila asubuhi natikisa chupa ya maji ya chokaa na kumimina nusu lita kwa mkupuo. Maji yanageuka meupe, alkali haipandi. Nakosea wapi?*
Msomaji

Ndugu msomaji, kipimo chako si kibaya. Tatizo ni haraka na kule kutikisa. Maji yaliyoshiba chokaa yana pH ya takriban 12.4. Yakiingia kwa pamoja, kalsiamu na kaboneti hushikana na kuwa unga mweupe, na alkali uliyoitaka huishia humo.

Koroga gramu 2 za chokaa safi iliyozimwa, isiyo ya ujenzi, kwa kila lita ya maji yaliyosafishwa. Funika, subiri masimbi yatulie, kisha tumia maji maangavu ya juu tu. Dondosha usiku kucha penye mkondo mkali, wakati pH ya tangi imeshuka, badala ya sehemu ya maji yanayopotea kwa mvuke. Linda macho, tafadhali, chokaa huunguza.

Nusu lita kwa siku itatosha kushikilia kiwango. Kurudi dKH 8 tumia sodiamu baikaboneti, usizidishe dKH 1 kwa siku. pH ikipita 8.5, simamisha. Samaki wakihema juujuu, badilisha sehemu ya maji na umwite fundi wa matangi siku hiyohiyo.