Kuvumwani za Majani katika Misitu ya Baridi ya Kusini

Tazama gome la mti mzee. Utaona madoa ya kijivu, pengine na vitu kama majani makavu yaliyobandikwa. Wako wanaosema eti ni ugonjwa, wakayabandua kwa panga. Si ugonjwa. Hiyo ni kuvumwani, nayo hainyonyi utomvu wa mti hata tone. Imekaa tu pale, kama kuku aliyepanda mtini kulala.

Jina lake ni maneno mawili: kuvu na mwani. Ndivyo ilivyo hasa, maana ni viumbe viwili wanaoishi pamoja. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji. Mwani hukaa ndani na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mtaalamu wa Uswisi, Simon Schwendener, alieleza habari hii mwaka 1867, na wenzake wengi wakampinga vikali. Siku hizi hapana anayebisha.

Kuvumwani nyingine ni kama ukoko wa chungu, nyingine zinaning'inia kama ndevu. Leo tunasoma zile zenye umbo la majani. Baadhi ya makao yake makubwa ni misitu ya kusini kabisa mwa dunia: Nyuzilandi, kisiwa cha Tasmania huko Australia, na kusini mwa Chile na Argentina. Huko kuna miti iitwayo Nothofagus, baridi, ukungu na mvua tele. Mahali paitwapo Milford Sound, Nyuzilandi, hunyesha zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka!

Sasa, utazitambuaje? Ligeuze jani utazame tumbo lake. Ukiona vishimo vya mviringo vyenye ukingo, kama vikombe vidogo sana, huo ni ukoo wa Sticta. Ukiona vidoa visivyo na ukingo, vyeupe kama chumvi au vya njano kama bizari, huo ni ukoo wa Pseudocyphellaria. Jina ni refu, lisikutishe. Lisome silabi moja moja.

Kisha lilowanishe. Likigeuka kijani kibichi kama mchicha, mwenzake kuvu ni mwani wa kijani. Likibaki la kahawia au la kijivu cheusi, mwenzake ni bakteria wa rangi ya buluu na kijani. Hawa bakteria wana kazi kubwa. Wanakamata naitrojeni ya hewani, kile kile chakula cha mimea ambacho mkulima hukinunua katika mfuko wa mbolea. Jani likianguka na kuoza, msitu umepata mbolea bure.

Lakini kuna jambo la ajabu. Kuvu mmoja akikaa na mwani wa kijani, anaweza kufanya jani pana. Yule yule akikaa na bakteria, pengine hufanya kijiti cheusi chenye matawi. Wataalamu waliviandika vitabuni kama viumbe viwili, kumbe kuvu ni mmoja!

Aliyezichunguza sana ni David Galloway wa Nyuzilandi. Mwaka 1985 alitoa kitabu kikubwa cha kuvumwani za nchi yake. Mwaka 1988 alieleza Pseudocyphellaria za huko, na mwaka 1992 zile za Amerika ya Kusini. Aina nyingine zinapatikana pande zote mbili, ingawa kati yake kuna bahari kubwa. Kwa nini? Zamani sana nchi hizo zilikuwa bara moja, kisha zikaachana. Tena upepo wa magharibi unavuma bila kukoma juu ya bahari ile, nao huweza kubeba vumbi la kuvumwani mbali sana.

Kuvumwani nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Ukikata mti mzee, mti mchanga hauwezi kuzirudisha upesi. Nyuzilandi, katika miaka ya 1970, palikuwa na mpango wa kukata misitu mingi ya Nothofagus. Wananchi zaidi ya 340,000 walitia sahihi kuupinga, na sahihi zao zikafikishwa bungeni mwaka 1977. Hesabu hiyo si ndogo kwa nchi ile, maana watu wake wote walikuwa kama milioni tatu.

Hata kwetu, Sticta na Pseudocyphellaria zimo katika misitu ya milima mirefu yenye ukungu. Ukifika huko, geuza jani moja taratibu bila kulibandua. Je, vishimo vyake vina ukingo au havina?