Mbele ya kupasuliwa, usifiche dawa ya mizizi



Wengi wetu tunakunywa dawa ya mizizi na majani. Lakini munganga akisema utapasuliwa, umwambie zote. Kitunguu saumu cha mboga hakina neno. Kikinywewa kwa wingi kama dawa, kinaweza kuzuia damu kuganda, nayo itatoka nyingi wakati wa kukatwa. Dawa zingine zinazidisha nguvu ya dawa ya usingizi, mgonjwa akachelewa kuamka.

Basi uziache siku 14 mbele ya kupasuliwa. Vidonge vya lupitalo usiviache bila kuuliza. Ukiletwa kwa haraka, jamaa waseme ulichokunywa ao walete chupa yake. Munganga hatakugombeza, anataka kujua ili akulinde.